Nilinyimwa unga wa msaada kwa sababu ya televisheni ya chef wa avenue

Wakuu, salamu kwenu nyote, wenye kushiba na wenye kungoja.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi, si mwandishi. Leo nimeshika simu kwa sababu kuna mutu aliandika kwenye uzi mwingine kwamba watu wa misaada "wanajua kabisa nani maskini na nani si maskini". Nilicheka mpaka mama watoto akatoka nje kuangalia kama niko sawa.

Haya ninayosimulia yalinipata mimi mwenyewe, hapa Goma, quartier Keshero. Siongezi chumvi. Na kwa bei ya chumvi ya hapa kwetu, ningeitoa wapi?

Kiswahili changu ni cha Goma, wenzetu wa Dar na Mombasa mtanivumilia. Majina nimebadilisha yote, isipokuwa la njaa.

Kwanza munijue.

Niiteni Papa Asifiwe. Asili yangu ni Rutshuru, ila nimekomaa hapa mjini. Kazi yangu ni kuandika vibao. Vile vibao vya mashirika munavyoviona kwenye picha za Goma, "Mradi wa maji safi", "Mradi wa amani", "Mradi wa kuwainua akina mama", vingi vilipita kwenye brashi yangu. Kulikuwa na wakati mji huu ulikuwa na vibao kuliko miti, na mimi nilikuwa nakula vizuri.

Halafu hali ikawa hiyo ya vita munayoisikia. Banki zikafunga milango. Mashirika mengi yakafunga vitu vyao yakaenda. Vibao vimebaki, miradi imeondoka. Na hakuna mutu anayelipia kibao cha "Tulikuwepo hapa".

Bibi yangu, huyo mama watoto, ni Mama Asifiwe, mutu wa Butembo. Munawajua watu wa Butembo kwa biashara. Ukimuacha jangwani asubuhi, jioni utamkuta anauza mchanga kwa bei ya jumla. Yeye alikuwa na biashara ya samaki wa Vitshumbi, wale wa kukaushwa kwa moshi. Barabara ikaharibika kwa vita, samaki wakakata.

Akaanza kuuza vitu vya ndani. Radio ikaenda. Matela ya kulalia ikaenda. Viti vikafuata.

Ikabaki nyumba ya mbao juu ya mawe ya volcan, sufuria mbili, mikeka, na watoto watatu. Nyumba ilikuwa tupu kiasi kwamba ukikohoa, kikohozi kinakujibu.

Tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, saa kumi ya mchana. Sombe, majani ya muhogo, bila mafuta. Kwa nini saa kumi? Kwa sababu mutoto akila mapema atauliza tena jioni. Akila saa kumi, analala nayo. Wazazi mliopita njia hii munanielewa, wengine endeleeni kusoma tu.

Nilitafuta msaada kabla ya hapo, msifikiri nilikaa. Kwenye parokia moja niliambiwa wiki hii ni ya wajane. Wiki iliyofuata ni ya mama wenye kunyonyesha. Nikauliza wiki ya wababa ni lini.

Masista mmoja wa pale aliniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, akasema: "Papa, si uko na nguvu?"

Nguvu ninazo wakuu. Hazipikiki.

Sasa tuingie kwenye kisa chenyewe.

Siku moja chef wa avenue akapita nyumba kwa nyumba. Chef wa avenue ni kiongozi wetu wa mtaa, kama mjumbe wa nyumba kumi huko kwenu. Ni muzee mwenye kofia na sauti ya kanisani. Akasema kuna shirika linakuja kuandikisha watu. Wataingia kila nyumba, waangalie mwenyewe. Mwenye kukosa atapewa unga, maharagi na mafuta. Mwenye vitu ndani hapiti.

Wakuu, muone maajabu. Avenue yetu ni ya watu ambao Siku ya Mungu wanatoka wamevaa mpaka njia inaona haya. Baada ya tangazo lile, kila mutu akaanza kutafuta mahali pa kuficha utajiri wake.

Jioni chef akaja kwangu pamoja na Papa Josué. Huyu Papa Josué ni jirani yangu wa ukuta, anaendesha moto, yaani pikipiki ya abiria, mutu wa kelele na muziki.

Chef akakohoa. "Papa Asifiwe, nyumba yako iko kubwa."

"Haiko kubwa, chef. Iko tupu tu."

"Njo hiyo tunatafuta. Tuweke kwako vitu kidogo, mpaka hawa watu wapite. Wewe kila mutu anajua hali yako. Nitawaambia kesi yako haina haja ya kuingia ndani. Watakuandika pale nje."

"Na wakiingia?"

"Waingie kufanya nini? Kuangalia ukuta?"

Papa Josué akaongeza: "Na hata ukikosa, Mungu apishe mbali, avenue yote itakukatia. Kila mutu sahani yake."

Walipotoka, mama watoto akaniambia: "Papa Asifiwe, nyumba ya mutu haiko depot ya kuwekea mali. Kitu cha mutu kikilala kwako, kinaamka na shida."

Nikamjibu: "Tunaishi na watu, mama."

Akachukua fagio, akaanza kufagia nyumba iliyokuwa safi tayari. Wale mliooa munajua kufagia kule ni lugha gani.

Vitu vikaja. Televisheni ya chef, kubwa, bapa, imefungwa kwenye kitenge kama mutoto mchanga. Halafu televisheni nyingine ndogo, ya mkwe wake. Halafu matela, moja juu ya nyingine mpaka karibu na bati. Baffle ya muziki ya Papa Josué, ile inayotunyima usingizi kila Jumamosi. Viti vya plastiki. Mfuko mzima wa maharagi wa chef.

Wa mwisho alikuja Mama Riziki, mjane, mshonaji, amebeba mashine yake ya kushona kichwani. Yeye aliona haya.

"Papa Asifiwe, unisamehe. Wakiiona hii watasema niko na kazi. Kazi gani, na hakuna mwenye kushonesha?"

Huyo nilimpokea mzigo kwa mikono miwili.

Neema, mutoto wangu wa mwisho, akauliza kama anaweza kulala kidogo kwenye matela. Mama yake akasema hapana, ni za watu.

Basi watoto wangu wakalala na njaa, chini, kwenye mkeka, wameegemea mfuko wa maharagi wa chef.

Hapo nakaa kidogo. Ninaomba na nyinyi mukae.

Siku ya enquête, ule ukaguzi wa nyumba kwa nyumba, ikafika. Wakaja mabinti wawili wa shirika, na yule aliyefika kwetu alikuwa na tablette mkononi. Tulimuita Mademoiselle. Kijana, mpole, amefundishwa kutocheka.

Avenue ilipendeza kwa umaskini! Papa Josué alikaa nje juu ya jiwe, amevaa shati lenye tundu mgongoni. Shati hilo aliliazima kwangu. Moto yake ilikuwa imelazwa kwa shemeji yake, quartier nyingine. Bibi ya chef alikuwa anapika maji matupu, anayakoroga.

Zamu yangu ikafika. Tukakaa nje, mbele ya mlango. Chef akasimama pembeni kama baba wa ubatizo.

"Papa, jana mulikula mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na juzi?"

"Ile ya jana tulikuwa tunaingojea tangu juzi."

Akaandika. Chef akatikisa kichwa kwa huruma. "Mademoiselle, huyu ni kesi ya wazi kabisa. Hata usipoteze wakati."

Kweli alikuwa anakaribia kumaliza. Nilishaanza kuona unga.

Mvua ikashuka.

Mvua ya Goma haibishi hodi. Inatoka upande wa ziwa imeshakasirika. Mademoiselle akakumbatia tablette yake akakimbilia mlango wa karibu, na mlango wa karibu ulikuwa wangu. Mama Asifiwe akanyoosha mkono kuziba njia: "Mademoiselle, ndani kunavuja!" Binti wa watu akapita chini ya mkono.

Tukaingia nyuma yake. Bati tu linapiga kelele.

Akaangalia matela. Akaangalia baffle. Akaangalia viti, mashine, mfuko wa maharagi. Kitenge kilikuwa kimefunuliwa upande mmoja, kumbe Neema alikuwa anachungulia televisheni tangu asubuhi.

Neema akamshika mgeni mkono. "Tantine, tuko na tele!"

Furaha aliyokuwa nayo, wakuu. Sikuwa na nguvu ya kumkemea.

Mademoiselle akanigeukia. "Papa. Hii vitu yote ni ya nani?"

Nikaangalia mlangoni. Chef alikuwa amesimama chini ya bati, maji yanamwagika kutoka kwenye kofia, macho yake yako kwangu. Alinisihi kwa macho, na mimi nikahesabu haraka kichwani. Nikisema ni vya chef, chef anafutwa. Josué anafutwa. Na Mama Riziki, ambaye hana mutu duniani, anafutwa pamoja nao. Halafu mimi nitaishi na nani kwenye avenue hii?

"Ni yangu," nikasema.

"Tele mbili?"

"Moja ikichoka, nyingine inaendelea."

"Na matela hizi zote?"

"Ninapenda kulala."

Akafunga tablette. Sura yake ilibadilika, na ile sura ndiyo iliniuma kuliko mengine yote. "Papa, hauna haya? Kuna watu wanakufa na njaa kwa hii avenue."

Nikamjibu: "Ninawajua."

Mvua ikapungua, akatoka. Chef akamsindikiza. Nilimsikia kwa masikio yangu anamwambia: "Unaona, Mademoiselle? Unaweza kukaa na mutu miaka, usimujue roho."

Nilirudi ndani nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Angalau kilikuwa changu kwa mujibu wa shirika.

Vitu vilibaki kwangu, wenyewe waliogopa kukaguliwa tena kabla ya kupewa. Siku ya kugawa chakula, kwenye uwanja wa shule, sikwenda. Ningeenda kufanya nini, kupiga makofi? Nilikaa mlangoni nikawaona wanarudi. Mifuko juu ya chukudu, zile baiskeli zetu za mbao, bidon za mafuta zinang'aa. Papa Josué anaimba. Chef alipata mara mbili, sehemu yake na sehemu ya mama mkwe wake. Mama mkwe huyo tulishamzika, na mimi ndiye niliyeandika msalaba wake.

Wote walipita mbele ya mlango wangu. Kila mutu siku ile aligundua kwamba kuna kitu cha kuangalia upande wa pili wa njia.

"Avenue yote itakukatia." Hata jicho hawakunikatia.

Jua lilipoanza kushuka, Papa Josué akaja. Mikono mitupu.

"Papa Asifiwe, jirani! Nakuja chukua matela yangu na baffle."

Mimi nilishaanza kuinuka nimtolee. Mama Asifiwe akasimama mlangoni, kitambaa kichwani, mikono kiunoni. Yule mama wa soko la samaki ambaye sikuwa nimemuona muda mrefu.

"Matela gani, Papa Josué?"

"Si ile matela yangu."

"Wewe uko na matela? Mademoiselle alikuandika unalala chini. Matela zote za hapa ziliandikwa kwa jina la Papa Asifiwe. Baffle pia. Tulipata hasara kubwa sana juu ya hizo mali zetu, unataka tukupatie bure?"

Papa Josué akacheka. Akaona anacheka peke yake.

"Mama Asifiwe, mazungumzo gani haya? Basi nitaleta ile sahani."

"Sahani ilikuwa bei ya mwenye kuleta bila kuitwa. Mwenye kuja na mikono mitupu, ni ndoo. Unga ndoo, na maharagi, na mafuta chupa."

"Ndoo! Huo ni wizi!"

"Nenda unishitaki. Ukifika, waambie umeibiwa nini."

Wakuu, mimi nimeoa mwanamke huyu miaka mingi, lakini siku ile nilitaka kumuoa tena.

Josué akaondoka anatukana mawe. Baada ya muda akarudi na ndoo.

Wengine wakafuata. Habari ilikuwa imeshapita ukuta. Kila aliyefika alifika na unga, wengine wamenuna, wengine wanajifanya walikuwa njiani tayari.

Mama Riziki alikuja naye, na beseni kichwani. Akalitua katikati ya nyumba kabla hata ya salamu. Nusu ya kila kitu alichopewa.

"Mashine itangoja," akasema. "Watoto wale kwanza. Ile siku ya mvua nilikuwa dirishani kwako, nilisikia vile ulisema ni yako."

Mama Asifiwe hakutaka kupokea kwa mjane. Mjane hakutaka kurudi na beseni. Wakagombana pale kwa heshima, mpaka Asifiwe, binti yangu mkubwa, akawaambia maji yameshachemka. Wakaishia kusonga bugari pamoja, kila mmoja bado ana hasira.

Tulipokuwa tunakula, chef akaingia. Kofia imekauka.

"Papa Asifiwe, nasikia unakamata vitu vya watu. Mimi ni mamlaka hapa. Nataka tele yangu, tele ya mkwe wangu, na mfuko wangu, bila mashauri. Ama tutaenda mbele ya wakubwa."

Mama Asifiwe akaosha mikono taratibu. "Twende, chef. Tuanzie kwa ofisi ya lile shirika. Tuwaulize tele ni ya nani. Tuwaulize na mama mukwe wako hali yake."

Chef akaangalia bugari. Akaangalia kitenge. Sauti ya kanisani ikaisha.

"Munataka nini?"

"Kwa sehemu yako, ndoo kama wengine. Ya mama mukwe wako, yote. Yeye hatalalamika."

Ikafika. Aliituma kwa chukudu, hakuja mwenyewe, na chukudu ile ile ikarudi na tele zake na mfuko wake.

Sasa kuna wale watakaouliza kama chakula kile kilinikwama kooni. Hakikukwama. Kiliteleza vizuri sana, kilikuwa na mafuta. Neema alikula mpaka akalala na tonge mkononi, na mama yake akamfungua vidole kimoja kimoja.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja Mademoiselle akarudi, peke yake. Wenyewe wanaita "suivi", wanakuja kuuliza kama msaada ulisaidia. Chef alimwambia asijisumbue kufika kwangu. Labda ndiyo maana alifika.

Neema alimpokea njiani. "Tantine, tele ilienda."

Akaingia. Akakuta mikeka, sufuria mbili, na kikohozi kinachojibu.

"Papa, vitu viko wapi?"

Nilifungua mdomo. Mama Asifiwe akanitangulia: "Vilitoka hapa vyote sababu ya chakula, Mademoiselle."

Ni kweli tupu. Hakuna neno hata moja la uongo hapo, litafuteni.

Yule binti macho yakajaa maji. "Muliuza yote? Papa, unisamehe vile nilikusemesha siku ile." Akafungua tablette, akabonyeza, akabonyeza. "Sasa kwa hii avenue, nyinyi njo wa kwanza kabisa kwa mahitaji."

Nikawahi kuuliza: "Basi tutapata lini?"

"Mradi umekwisha, Papa. Tunangoja wafadhili."

Akafungua mkoba wake, akatoa andazi lililofungwa kwenye karatasi, chakula chake cha mchana, akampa Neema. Huo ndio msaada pekee uliotoka kwa lile shirika ukafika kwangu moja kwa moja. Nilimshukuru kwa moyo wote, na simcheki. Tablette ndiyo ninaicheka.

Mutauliza tunaishi vipi leo.

Mama Asifiwe hakupika maharagi yote aliyoyatuma chef kwa mara moja. Mimi niliona chakula, yeye aliona mtaji. Akaanza kupika sufuria asubuhi na kuwauzia wanaume wanaovunja mawe ya volcan pale chini, karibu na ziwa. Sufuria ikazaa sufuria. Mama Riziki anasonga bugari, wanagawana. Mimi naleta makala, yaani mkaa wa kupikia, naosha sahani, na pakitokea kibao cha kuandika, naandika. Watoto wanakula mara mbili. Mara nyingine mara tatu, siku wavunja mawe wakikosa pesa na sufuria ikirudi na kitu.

Papa Josué hanisalimii, na shati langu bado analo.

Chef anakula pale karibu kila siku. Analipa kwanza, ndipo anapakuliwa.

Nilichojifunza ni hiki. Jirani akikuomba umfichie utajiri wake, ujue ameshakupigia hesabu, wewe si mutu tena, wewe ni ghala. Na mwenye kuja kupima njaa yako kwa kuhesabu matela, mpe kiti, mpe maji ya kunywa, lakini usimpe matumaini yako yote. Na la tatu nawaambia wanaume peke yenu: bibi akisema nyumba haiko depot, nyumba haiko depot.

Ila kuna jambo moja bado linanisumbua, na ndilo lililonifanya niandike. Pale mvua inapiga bati, binti wa watu ananiuliza vitu ni vya nani, chef mlangoni, Mama Riziki dirishani, watoto wangu na njaa yao. Mimi nilisema ni vyangu. Kuna siku naona nilifanya vizuri, kuna siku naona nilikuwa mjinga mwenye tabia nzuri.

Wewe ungesema nini? Andikeni hapo chini, hata matusi nasoma. Ila mkianza na "ningesema ukweli tu", kwanza mtuambie mnaishi na majirani gani.